Magazeti Chini ya Kitanda cha Angelina

Nianze na dukuduku langu kabisa: ile picha ilinionea. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Angelina, nimejifunga kanga ambayo ilikuwa haijaguswa na maji, na mpiga picha akanikata. Kilichobaki changu katika gazeti lile ni kiwiko. Miaka yote hii watu wakisimulia habari ya Angelina na gazeti la *Kengele*, husema "alikuwa na mwenzake", basi, kama vile mwenzake hana jina. Mwenzake ni mimi, Zamzam, mshonaji wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Na kwa kuwa nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, nitaisimulia mimi.

Wengi mnamkumbuka Angelina wa miaka ya baadaye, yule mama wa meza ya magazeti pembeni ya soko, aliyekuwa akikuuzia gazeti na kukueleza lililomo kabla hujalifungua. Mimi namkumbuka bibi arusi aliyeletwa kutoka Masasi mwaka arobaini na saba, akimfuata mumewe Eliasi, karani wa serikali. Walipanga chumba katika nyumba ya Bi Siti, mimi nikiwa chumba cha pili. Nyumba zetu mnazijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo, na kuta hazifiki kwenye paa. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakuambia pole. Kwa hiyo msiniulize nilijuaje haya na yale. Nilisikia. Hata ningetaka nisisikie, ningesikia.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti kubwa kuliko kifua chake. Misheni walimfundisha kusoma, na kusoma kukamgeukia ugonjwa. Alisoma karatasi ya sabuni, alisoma kopo la dawa, alisoma vibao vya maduka kwa sauti kana kwamba mwenye duka ndiye asiyejua jina lake. Akinunua karanga, anazimwaga kwenye kanga kwanza ili aisome karatasi iliyofungiwa. Siku moja alirudi sokoni mbio kumtafuta muuza dagaa, kwa sababu kipande cha gazeti alichofungiwa kiliishia pale pale mwanamume mmoja wa Tabora alipofumaniwa. Sokoni walimcheka mpaka wakachoka, lakini kipande cha pili alikipata.

Sasa mpe mtu kama huyo *Kengele*. Lilikuwa gazeti dogo la kila Jumamosi, kurasa nne, likichapwa katika kiwanda cha Bwana Jamnadas karibu na Mtaa wa Kipata. Kabla yake tulikuwa na gazeti la serikali, nalo halikuwa baya kama unataka kujua namna ya kuchimba choo au ziara ya bwana mkubwa fulani imeishia wapi. *Kengele* lilitutaja sisi. Lilitaja mshahara wa makuli wa bandarini, lilitaja kodi, lilitaja habari ya kura tatu, yaani ule mpango kwamba anayepiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, akitaka asitake. Watu waligombana kwa mashairi katika ukurasa wa tatu. Mtu wa Kilwa anamtukana mtu wa Tanga kwa vina, wiki ya pili Tanga anajibu, na sisi Mchikichi tunashika upande.

Kila Jumamosi asubuhi, mumewe akiwa kazini, Angelina alikaa barazani kando ya cherehani yangu na kulisoma kwa sauti. Wapagazi wa soko walisimamisha mikokoteni. Wanawake walikuja na mchele wao wa kuchambua. Alisoma mpaka matangazo ya mbuzi waliopotea, na palipomuudhi alisimama, akamgombeza mwandishi, kisha akaendelea.

Shida ilikuwa Eliasi. Si mtu mbaya, jamani. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye miwani na tai ya kila siku, mwanamume aliyejipigia pasi mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemnyooshea kola yeye akaridhika. Lakini serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kwa waraka kujiingiza katika siasa, na Eliasi alitia sahihi kwamba ameusoma waraka huo. Mshahara wake ulilisha watoto watatu, ulimweka Celina, binti yao mkubwa, shule ya bweni, na kila mwisho wa mwezi ulimfikia mama yake Masasi. Kazi ile ikiondoka, wote hao wanakaa chini. Akamwambia mkewe, "*Kengele* lisiingie chumbani kwangu." Angelina akaitikia ndiyo, bwana. Kuanzia hapo akawa analikunja ndani ya gazeti la serikali. Kwa nje unaona ng'ombe wa maziwa, kwa ndani moto.

Tuje kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa mwaka hamsini na nane, na TANU walikuwa na mkutano Jangwani. Tangu asubuhi mtaa haukaliki. Vijana wanapita na ngoma, wauza maji ya ndimu wamehama na ndoo zao, na mimi cherehani nimeifunika tangu Ijumaa kwa sababu mikono ilikataa kazi. Nikamsikia Angelina akisema kwa sauti ya huruma ambayo hakuwa nayo siku zote:

"Baba Celina, naenda Ilala kumtazama mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Yule mama tunayesali naye. Hali yake si nzuri."

"Mpe pole. Mimi naenda mazoezi ya kwaya. Nitachelewa kidogo, kuna wimbo mgumu."

Tukatoka mbio kama tunafukuzwa. Na kufika Jangwani, wallahi, sikuwahi kuona watu namna ile. Kofia za viua, majoho ya mashehe, kaptula za makuli, kanga za kila rangi. Angelina alinishika mkono akapenya. Ufupi ulimfaa siku ile. Alipita chini ya makwapa ya watu, nami nyuma yake naomba radhi kwa niaba ya wote wawili, mpaka tukatokea mbele kabisa. Msemaji alipoifikia habari ya kura tatu, uwanja ulilia. Nilihisi mlio ule kwenye nyayo. Angelina akainua mikono, akafungua mdomo, akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika Magomeni. Kando yetu palikuwa na lori, na juu ya lori mpiga picha wa *Kengele*. Nilimwona mimi. Nikajiweka sawa, nikainua kidevu. Mengine nimeshayasema.

Tulirudi nyumbani sauti zimekauka. Eliasi naye alirudi jioni, sauti imekauka. Wimbo mgumu.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Eliasi akiwa ameshakwenda kazini, akaja Mzee Uwesu. Huyu alikuwa askari wa zamani, aliyepelekwa Burma kwenye vita vya watu wengine akarudi na mguu usiokunjika. Aliuza magazeti kwa baiskeli ambayo hakuipanda hata siku moja, aliisukuma tu. Siku zote tulimsikia tangu kona. Siku ile alikuja kimya mpaka mbele ya Angelina, meno yote nje.

"Mama Celina, leo shikamoo nakuamkia mimi. Umekuwa mkubwa."

Akafungua gazeti. *Kengele* halikuwa gazeti la picha. Kutengeneza kibati cha picha kulikuwa na gharama, na Bwana Jamnadas alikuwa mwangalifu. Lakini siku ile nusu nzima ya ukurasa wa kwanza ilikuwa picha ya Jangwani, na katikati, uso mviringo kama sahani, mdomo wazi, Angelina.

Alitabasamu. Hilo nataka lijulikane, kwa sababu baadaye alilikana. Alitabasamu kwanza, akaugusa uso wake pale kwenye karatasi mpaka wino ukamshika kidoleni. Mimi nikatafuta wangu. Nikakiona kiwiko. Nilipoinua macho, tabasamu lake lilikuwa limekwisha.

"Zamzam, nimemfukuzisha mume wangu kazi."

"Anakujua nani huko ofisini?"

"Bosi wake. Alikuja ubatizo wa mtoto, akakaa kwenye kiti hicho hicho unachokiona. Na kila Jumatatu anasoma magazeti yote ya Waafrika, mstari kwa mstari. Kiswahili anakijua kuliko Bi Siti." Akamgeukia mzee. "Unazo nakala ngapi?"

"Thelathini na kitu."

"Nachukua zote. Na wengine wanaouza wako wapi?"

Mwezi ule upatu ulikuwa umemfikia yeye, na pesa zilikuwa za godoro. Tukatoka nazo. Jamani, mbio za asubuhi ile! Mtaa wa Kongo, Sikukuu, Tandamti, tukazunguka soko mara mbili. Niliwaambia watu kwamba nimepata kazi ya magauni ya harusi na nahitaji karatasi za kukatia vipimo. Wakaamini, maana washonaji wote tulikatia vipimo magazeti. Mnywa kahawa mmoja alikataa kuuza lake, nikamwambia mkewe anamwita nyumbani, na alipoinuka Angelina alilichukua na kumwachia thamani yake chini ya kikombe. Kwa kinyozi lilikuwa limeshabandikwa ukutani. Angelina aliingia, akalibandua, akasema "samahani, lina makosa," akatoka, na kinyozi amebaki na wembe hewani juu ya shingo ya mteja.

Tulipofika upande wa Mnazi Mmoja tukaambiwa yamekwisha.

"Yamekwishaje?" Angelina akauliza.

"Kapita bwana mmoja na baiskeli, kachukua yote. Hata chenji hakungoja. Nasikia na ya kule Stesheni kayafagia yeye."

Tukatazamana. Angelina akasema huyo ni malaika wa Bwana. Mimi sikubisha, kila dini ina malaika.

Saa nne Kariakoo haikuwa na *Kengele* hata moja. Tukayasukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku. Angelina akajifunga kibwebwe akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula cha mtu mwenye dhambi. Mimi nikarudi kwenye cherehani, jasho likinitiririka, na niseme kweli, furaha imenijaa. Sikuwahi kufanya jambo la maana kiasi kile kabla ya chakula cha mchana.

Siku za Jumamosi ofisi zilifungwa mapema. Eliasi akatokea kama saa saba, jua linawaka, naye amekumbatia koti la mvua lililoviringishwa. Akanisalimu bila kunitazama, akaingia chumbani. Angelina alikuwa uani. Nikasikia sanduku likiburuzwa. Halafu hatua za Angelina.

"Baba Celina, unatafuta nini chini ya kitanda?"

"Haya magazeti ni ya nani?" akauliza Eliasi.

"Na hayo uliyoshika ni ya nani?"

Mguu wangu umeganda juu ya pedali.

"Mke wangu," Eliasi akasema, sauti imeshuka, "nisamehe. Najua umeniona. Nakushukuru kwa kunificha."

"Nimekuona wapi?"

"Kwenye picha."

"Mimi kwenye picha nimejiona mimi!"

"Wewe uko wapi?"

"Hapo mbele! Katikati! Mdomo wote huo huuoni?"

Kitanda kikalia, nadhani alikaa. "Ee Mungu wangu. Mama Celina. Mimi nilitazama huku nyuma tu."

"Kuna nini huko nyuma?"

Hapo sikuweza kuvumilia. Niliingia bila hodi. Walikuwa wameliinamia gazeti dirishani, na Eliasi anaonyesha kwa ukucha. Nyuma ya umati, juu kuliko vichwa vyote, mtu amesimama kwenye kibebeo cha baiskeli, miwani inang'aa, tai imepepea begani, ngumi juu. Tulikuwa tumeishika picha ile asubuhi nzima, na hakuna aliyemwona, kwa sababu kila mtu akipewa picha hujitafuta mwenyewe.

"Na kwaya?" Angelina akauliza.

"Kwaya nzima ilikuwapo."

"Na mwalimu wa kwaya?"

"Ndiye aliyenishikia baiskeli."

Angelina akaanza kutetemeka mabega. Eliasi akavua miwani, akauliza kwa upole kabisa, "Na yule mgonjwa wa Ilala anaendeleaje?" Basi. Tulicheka watu watatu mpaka Bi Siti akagonga ukuta. Eliasi, yule mkimya, alikiri kwamba analisoma *Kengele* mwaka wa pili sasa, ofisini, ndani ya jalada la serikali. Asubuhi ile alikuwa ametoroka ofisini na baiskeli, na pesa alizonunulia magazeti zilikuwa za viatu. Malaika wa Bwana ndiye huyo, viatu vimemwisha kisigino.

"Tumeyamaliza yote," Angelina akasema, anafuta machozi. "Hakuna atakayekuona."

Nje, tangu kona, ikaja sauti ya Mzee Uwesu: "*Kengele*! *Kengele*, chapa ya pili! Lile lililokwisha saa nne! Njoo ujione!"

Hakuna aliyevaa viatu. Tulikimbia mpaka kwa Jamnadas, na mlangoni tulikuta watu wamesongamana. Kariakoo ndivyo ilivyo. Waambie kitu kipo, hawakitaki. Waambie kimekwisha, hata asiyejua kusoma anataka viwili. Bwana Jamnadas, mtu mnene mpole, mzaliwa wa Kisutu, aliyezoea kuchapa kadi za harusi na kalenda, alikuwa amekunja mikono ya shati na uso wake unawaka.

"Mama, karibu! Unajua nini? Tangu nianze kuchapa sijaona gazeti kuisha saa nne! Chapa zilikuwa bado mashineni, nikasema, piga tena, piga mara mbili ya mwanzo! Mke wangu Kusum mwenyewe ameshuka kukunja!"

Kweli, Bi Kusum alikuwa pale na sari yake ameipachika kiunoni, anakunja magazeti kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Angelina akamweleza Bwana Jamnadas. Alimwambia yote, mbele ya mashine, kwa sauti iliyokuwa inamkatika. Magazeti hayakuuzika, tuliyanunua sisi. Huyu ni mume wangu, ni karani wa serikali, na huyu hapa juu ya baiskeli ni yeye.

Bwana Jamnadas aliitazama picha, akamtazama Eliasi, akaitazama picha tena. Uso ulizimika. Akaenda mwenyewe, akaizima mashine. Mlio ule ulipokatika nilisikia nzi.

"Yaliyotoka yametoka," akasema. "Lakini mengi bado yako hapa ndani. Ya bandarini yako hapa, ya Ilala yako hapa, ya mjini kwa wakubwa yako hapa. Bosi wako hawezi kuletewa ila haya. Naweza kuyatia jikoni yote. Hasara ni yangu, usifikiri habari hiyo. Sema wewe, bwana."

Alimwambia Eliasi, wala si Angelina. Angelina akamtazama mumewe. Nilimwona amefumba mikono, anasubiri. Nilijua anachowaza, maana nilikuwa nawaza hicho hicho: Celina na sanduku lake la shule.

Mlangoni watu walianza kupiga kelele kwa nini mashine imenyamaza. Kuli mmoja, mabega yamejaa vumbi la saruji, akapenyeza kichwa ndani. "Bwana Jamnadas, sisi wa bandarini bado hatujapata! Tumesikia tumo. Tumetumwa tukaangalie kama tumo."

Jamnadas akampa moja. Yule kuli akalishika kwa ncha za vidole ili asilichafue. Hakusoma. Kidole chake kilitembea juu ya vile vichwa, kichwa kwa kichwa, polepole, kikasimama.

"Huyu," akasema. "Huyu ni mimi."

Akageuka akawaonyesha wenzake, na kelele zilizopanda pale barabarani zilikuwa zile zile za Jangwani. Kiwiko changu nikakisahau.

Eliasi alikuwa amevua miwani anaifuta kwa tai. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Akaivaa.

"Washa, Bwana Jamnadas."

"Una hakika?"

"Washa kabla sijawa na akili."

Bi Kusum akacheka kwa nguvu, mumewe akawasha, sakafu ikaanza kutetemeka tena.

Jumapili hatukulala wala hatukupumzika. Watu walikuja mmoja mmoja kibarazani na gazeti mkononi, kila mmoja anaonyesha alipo. Ambaye hakuonekana aliapa kwamba alikuwa nyuma ya yule aliyeonekana. Angelina alilisoma *Kengele* kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu akatazwe bila ng'ombe wa maziwa juu yake, na Eliasi amekaa pembeni kwenye mkeka anasikiliza mbele ya macho ya watu. Usiku niliwasikia wakinong'ona. Celina arudi nyumbani kwa muhula mmoja, Angelina atakaanga maandazi ya kuuza, mama wa Masasi ataandikiwa barua. Sikusikia lawama hata moja, na nilisikiliza sana.

Jumatatu alitoka saa moja, kola imenyooka. Angelina alikuja akakaa karibu yangu, akachukua sindano na kitambaa bila kuombwa, akawa anashona tundu la kifungo ambalo baadaye nililifumua lote. Saa tatu tukamwona Eliasi anakuja mtaani, anaisukuma baiskeli. Saa tatu karani wa serikali hana shughuli Mtaa wa Mchikichi. Bi Siti akatoka. Wapangaji wengine wakatoka. Mzee Uwesu akasimamisha baiskeli yake.

Eliasi aliiegemeza baiskeli ukutani, akasimama mbele ya mkewe.

"Alikuwa amelitandaza mezani," akasema. "Akaniambia, 'Eliasi, picha hii ni mbaya sana. Huyu wa nyuma anaweza kuwa mtu yeyote mwenye miwani.' Kisha akaningoja."

"Ukasemaje?" Angelina akauliza.

"Nikamwambia, 'Ni mimi, bwana. Na huyo wa mbele ni mke wangu.'"

"Naye?"

"Akanitazama kwa huruma, si mtu katili yule. Akasema, 'Nimekupa nafasi ya kukana, kwa nini huitumii?' Nikamwambia, 'Bwana, nafasi hiyo nimeitumia miaka kumi na moja.'"

Angelina aliinuka. Alimshika mumewe mkono, mbele za watu, jambo ambalo mtaani kwetu halikufanywa, akaendelea kuushika. Sisi tukabaki tumesimama, hakuna anayejua kama kwa mtu aliyepoteza kazi namna hii pana pole au pana hongera. Bi Siti akafungua mdomo kutoa pole.

"Semeni hongera," Angelina akasema.

Tukasema hongera.